Koti jeupe, ndevu na swali la Mpemba

Mwaka 1983 David Wade Chambers alichapisha matokeo ya zoezi jepesi: watoto 4,807 wa shule za msingi, wengi wao wa Kanada na Marekani, walitakiwa wachore mwanasayansi. Aliyetawala karatasi zao ni mwanamume mwenye koti jeupe na miwani, mara nyingine na ndevu, kazungukwa na chupa za maabara. Wanawake waliochorwa walikuwa 28 tu, wote kwa mikono ya wasichana.

Kwa wanaopeleka wanasayansi mashuleni, dawa ni kuonana. Maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, iliwahi kuwachoresha wanafunzi wa darasa la saba kabla na baada ya kukutana na wanafizikia wake; mara ya pili walichora watu wa kawaida, wenye nguo za kawaida.

Wakosoaji wa zoezi hili la kuchora hawashtuki. Bila koti na chupa, wanauliza, nani atajua kuwa huyo si karani? Na mchoro wa baada ya ziara huenda ni adabu tu kwa mgeni.

Kuhusu koti, nawakubalia. Jinsia je? Uchambuzi wa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti za Marekani za miongo mitano, ulikuta kuwa watoto wa miaka mitano au sita huchora wanawake na wanaume karibu sawa. Kadiri wanavyokua, wanaume wanazidi. Basi picha hiyo wanaiokota njiani, na sehemu ya njia hiyo ni darasa lenyewe.

Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika, aliyajua hayo ya darasani. Mwaka 1963, akiwa Magamba Sekondari, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyopozwa. Baadaye huko Mkwawa, Iringa, mwalimu aliiita hiyo fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri mgeni kutoka Dar es Salaam, wenzake walicheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. (Ubishi kama kweli cha moto huwahi kuganda haujaisha mpaka leo.)

Osborne naye alikuwa mgeni wa siku moja, kwa hiyo siwezi kuzibeza ziara. Ila kilicholiokoa swali lile si sura yake, ni kulipima. Shule yenye fedha ya basi la ziara au ya vifaa vya majaribio, si vyote viwili, ningeishauri inunue vifaa.