Kwa nini sikununua nyongeza ya waranti ya mashine yetu

Siku tuliyokwenda kununua mashine ya boti, mimi na shemeji tulikuwa tumeshamaliza mabishano yote nyumbani. Ya nguvu za farasi 40, stroki mbili, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, kwa sababu pwani yetu nzima ya Kunduchi, Dar es Salaam, inaijua na fundi wake hatafutwi mbali. Hela tulizihesabu mara tatu. Tukalipa. Halafu kijana wa dukani akatoa karatasi ya pili: "Bosi, waranti ya kiwanda ni mwaka mmoja. Ongeza na hii iwe mitatu, ulale usingizi."

Usingizi wenyewe ulikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya bei ya mashine.

Shemeji alitaka kulipa palepale, na simcheki. Yeye ndiye nahodha. Mimi ni mtu wa daftari, nakaa nchi kavu naandika mapato. Mashine ikizima nje ya kisiwa cha Mbudya upepo wa kusi ukivuma, anayekesha na makasia ni yeye. Lakini niliomba ile karatasi niisome kwanza. Yule kijana alinitazama kama nimeomba kuonja petroli.

Ukurasa wa mbele ulikuwa mtamu. Wa nyuma, kwa herufi ndogo, ndio uliosema kweli: waranti haihusiki na kutu na chumvi. Haihusiki na mafuta machafu. Haihusiki na kugonga mwamba wala mchanga. Haihusiki na vinavyolika kwa matumizi, yaani impela, plagi, zinki ya kuzuia kutu, sili za kuzuia maji yasiingie. Nilimsomea shemeji kwa sauti, nikamuuliza: tangu uanze uvuvi, umeona mashine ngapi zikifa kwa kitu ambacho hakimo kwenye orodha hii? Akanyamaza, akakuna kichwa, akasema ataikumbuka moja.

Wasiojua niwaeleze kidogo. Mashine ya boti inapozwa kwa maji yaleyale ya baharini. Chini kuna impela, kigurudumu cha mpira kinachovuta maji na kuyapandisha kwenye kichwa cha mashine, na unajua kinafanya kazi ukiona ule mkojo wa maji ukitoka pembeni. Sasa njoo Kunduchi siku za bamvu, maji yakiwa yametoka. Kuna mchanga na matope mpaka mbali, na nahodha ana samaki wanaotaka barafu na mnunuzi anayepiga simu. Anaingia hivyohivyo kwenye maji ya magotini, mashine ikiwa inaunguruma. Impela inameza mchanga, meno yake yanalika, mkojo unakuwa mwembamba kama uzi, na asipozima mapema mashine inachemka mpaka inanoki. Ukiipeleka dukani na waranti yako ya miaka mitatu, fundi wao akifungua na kukuta mchanga, habari imeishia hapo. Na kusema haki, hajakuonea.

Au mshipi wa kuvulia. Mishipi ya nailoni iliyokatika iko kila mahali kwenye maji yetu. Inajiviringisha kwenye shafti nyuma ya pangaboi (propela), inaingia taratibu, inakata sili. Maji ya chumvi yanapita pale pale yanaingia kwenye giaboksi. Huoni kitu wala husikii kitu, mpaka siku unamwaga oili ya gia inatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hilo nalo ni "sababu ya nje", halimo.

Kilichonimaliza kabisa, hata hivyo, ni sharti la sevisi. Ili waranti iwe hai, lazima mashine ipelekwe kwenye karakana yao kila baada ya saa 100 na kitabu kigongwe muhuri. Kwa mtu mwenye boti ya kutembelea kisiwa cha Bongoyo Jumapili, saa 100 ni mwaka mzima. Sisi boti yetu inatembea kama saa 6 kwa siku. Piga hesabu: siku 17, umeshafika. Kila wiki tatu hivi ufungue mashine ya kilo zaidi ya 70, uibebe begani watu wawili mpaka barabarani, ukodi bajaji ya mizigo, uvuke foleni ya jiji, usubiri zamu, na siku hiyo wavuvi wanne wanacheza bao ufukweni bila ya kipato. Ukiruka sevisi moja tu, kitabu kina pengo, na waliokuuzia usingizi wanakuamsha.

Tena kulikuwa na mstari mmoja mfupi ambao nusura niupite: matumizi ya biashara yana muda mfupi zaidi kuliko ya binafsi. Kijana alijua tunavua. Shemeji alikuwa amevaa fulana yenye magamba ya samaki.

Sisemi kila mtu akatae. Ukinunua mashine ya stroki nne, yenye vifaa vya umeme na kompyuta ya kuongoza mafuta, ambayo fundi wa ufukweni hawezi kuifungua na kifaa kimoja kikifa kinatikisa mfuko, hapo nyongeza inaweza kuwa na maana, hasa ukiitumia wikendi tu. Muulize muuzaji nani anabeba hiyo waranti: kiwanda, au duka lenyewe? Kama ni duka, umenunua ahadi ya mpangaji, na mpangaji huhama.

Na kuna ulinzi ambao hauuzwi kwa karatasi ya pili. Sheria ya mauzo ya bidhaa inamtaka muuzaji akupe kitu kinachofaa kwa kazi uliyomwambia, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya malalamiko ya walaji. Mashine ikija na kasoro toka kiwandani, mara nyingi itaonekana miezi ya mwanzo, waranti ya kawaida ikiwa bado hai. Tunza risiti ya EFD tu, ile ya mashine ya kodi. Ile karatasi inafutika wino baada ya muda, hasa ukiiweka kwenye dashibodi, kwa hiyo itoe kopi siku hiyohiyo. (Najua ninachosema. Nina risiti ya friji ambayo leo ni karatasi nyeupe kabisa.)

Ile hela ya nyongeza tuliiweka kibubuni, shemeji akiwa amenuna. Kitu cha kwanza tulichonunua ni pipa kubwa na stendi ya mbao. Kila jioni mashine inaning'inizwa pale, inawashwa dakika chache kwenye maji yasiyo na chumvi mpaka chumvi itoke. Maji ya bomba ya DAWASA au ya boza, siyo ya kisima. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Baada ya hapo tumebadilisha impela mbili, na sili moja iliyokatwa na mshipi, pamoja na oili ya gia. Fundi ni mzee wa hapahapa, anafanya kazi chini ya mkungu wakati wavuvi wanashona nyavu, na siku haipotei. Hela ya kibubu haijatumika hata nusu.

Shemeji bado hajanikubalia. Juzi kichwa cha mashine kilitoa mlio asioupenda, akanipigia saa kumi na moja alfajiri, sauti yake ikiwa na furaha kidogo: "Shem, ndiyo ile siku." Nikashuka mpaka ufukweni na moyo mkononi. Ilikuwa plagi.