Kijana asiyesalimia

Hapa Tabora ukipita mbele ya watu asubuhi bila hata "mwangaluka", jina lako limeharibika kabla jua halijapanda. Ndivyo lilivyoharibika la kijana mmoja niliyefanya naye kazi kwenye ghala la asali. Akiingia, moja kwa moja kwenye mizani. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Tukasema ana maringo. Na mimi nilisema, sijitoi.

Lakini yeye ndiye aliyepima ndoo za wafugaji nyuki, uzito na kiwango cha maji. Maji yakizidi asilimia 20, asali huchacha, na ndoo moja ya namna hiyo ikimiminwa kwenye pipa imeharibu pipa zima. Kwake haikupita hata moja. Siku moja alirudisha ndoo sita za mzee anayeheshimika, mbele za watu, bila kuzungusha maneno. Maji yalikuwemo kweli. Aliyeitwa ofisini ni yeye.

Mkataba haukuongezwa. Sababu: "hana ushirikiano". Dada yake ndiye aliyekuja kunieleza kwamba ana usonji, hali ya ubongo ya kuzaliwa nayo, kwamba kelele za mapipa zilimuumiza, na kwamba kila salamu aliipanga kichwani mpaka mtu mwenyewe akawa ameshapita.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Tukiisoma, tunaona baiskeli ya magurudumu matatu na fimbo nyeupe. Ulemavu usioonekana tunauita tabia.

Kwenye usaili ndiyo kabisa. Nimekaa kwenye meza hizo. Kuna kipengele cha "kujiamini", na maksi zinakatwa kwa asiyetutazama machoni. Sisi, tuliochapwa utotoni kwa kuwakazia wakubwa macho! Sijui kipimo hicho tulikiokota wapi. Anayeomba kazi ya kupima asali apewe ndoo tatu apime. Basi.

Na maagizo yaandikwe. Bosi wetu alikuwa akitoa maagizo matano huku anatembea kuelekea kwenye gari, la nne likiwa utani. Sisi wengine tulikisia tukacheka. Yule kijana alilitekeleza lile la nne. Karatasi moja ukutani ingemaliza kazi, na vifunika masikio vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Najua nitaambiwa nataka kuua adabu yetu. Sitaki. Mimi mwenyewe nisiposalimiwa nanuna mpaka mchana. Ila kununa kwangu kusiingie kwenye faili la mtu.

Mwezi uliopita nilikutana naye karibu na stesheni. Nikamsalimia mimi kwanza. Hakuitikia, aliniuliza kama mizani ya kushoto, ile aliyosema inapunguza robo kilo, imeshatengenezwa.

Bado.