Pazia Sikulivaa, Nililiweka Begani

Nina siku tatu tu ugenini na nilikuwa nimeapa kunyamaza mpaka nife. Lakini jamaa yangu mmoja, nitamwita Mshauri, ameshatuma voisi ya dakika nne kwenye grupu, na kwa habari nilizonazo imeshavuka magrupu mengine mawili. Kwa toleo lake, nilijifunga pazia kiunoni nikalia uwanja wa ndege mbele ya abiria wote. Wadau, pazia sikulivaa. Nililiweka begani, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na mto na mwingine ulikuwa na pasi ya nguo.

Tuanze na tiketi. Ninahamia huku kwa miaka miwili, na mashirika mengi ya ndege hufungua mauzo takriban miezi 11 mbele. Kwa hiyo hata ningetaka kununua tiketi ya siku nitakayorudi kweli, siku yenyewe bado haijaingia sokoni. Najua wapo humu wanaonunua ya kwenda na kurudi kwa kuwa mara nyingine inatoka rahisi kuliko ya kwenda tu, kisha kipande cha kurudi wanakiacha kife. Haya, hongereni. (Ila asije mtu akaacha kipande cha kwanza akitegemea cha pili. Ukikosa cha kwanza, kwa kawaida vyote vilivyobaki vinafutwa.) Mimi nikachukua ya kwenda tu. Barua ya kibali cha kuishi ninayo, ina muhuri, nimeiweka mahali salama.

Hapo kwenye "mahali salama" tutarudi.

Usiku wa kuamkia safari, Mshauri akapiga simu.

"Tiketi ya kurudi unayo?"

"Sina."

Akanyamaza kama daktari aliyeshika majibu ya vipimo. Kisha akasema: "Hawakupandishi. Na ole wako useme unahamia! Sema unakwenda matembezi. Tiketi ya kurudi nakutengenezea mimi."

Baada ya nusu saa likaingia faili lenye jina langu, tarehe ya kurudi na msimbo wa herufi na tarakimu sita. Nikalala kama mtoto. Mtaniuliza Mshauri amesafiri nchi ngapi. Mshauri amepanda ndege mara moja, safari ya ndani, dakika 50.

Asubuhi, kaunta. Dada wa kaunta alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionipa ujasiri wa kudanganya.

"Unakwenda kwa muda gani, kaka?"

"Matembezi tu, dada."

Akatupa jicho kwenye mizani. Mabegi mawili, kila moja kilo 23 kasoro unyoya. Akarudisha jicho kwangu.

"Matembezi ya muda gani?"

"Mafupi."

Nilichokuwa sijui ni kwamba kwa neno hilo moja nilikuwa nimejivua kibali changu mwenyewe. Pasipoti yangu inaingia kule siku 90 bila viza, lakini kwa masharti ya mgeni, na mgeni anatakiwa aonyeshe tiketi ya kutoka. Mhamiaji mwenye kibali ana masharti mengine kabisa. Mimi nilikuwa mhamiaji niliyejishusha cheo kwa hiari.

"Tiketi ya kurudi?"

Nikatoa faili la Mshauri kwa mbwembwe. Akaandika ule msimbo, akangoja, akaandika tena.

"Kaka, hii ilikuwa nafasi imeshikiliwa tu, haikulipiwa, imeshafutwa. Tiketi yenyewe huwa na namba ya tarakimu 13. Yako iko wapi?"

Nikahesabu zile sita. Nikahesabu tena, labda zingeongezeka.

Msimlaumu dada wa watu. Ndege ikimpeleka abiria asiyestahili kuingia, shirika linamrudisha kwa gharama yake na linaweza kupigwa faini juu. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2001 lina kiwango kinachoanzia euro 3,000 kwa kichwa. Kwa uso niliokuwa nao asubuhi ile, hata mimi nisingejibebea dhamana.

"Kaunta inafungwa baada ya dakika 25," akasema. "Unaweza kununua sasa hivi kwa simu."

Sasa hapa nawaomba mnisome taratibu, kwa sababu hapa ndipo Mshauri anapodanganya zaidi.

Nikachuchumaa pembeni ya foleni, mgongo ukutani. Chaji asilimia 9. Nikafungua programu ya tiketi, nikajaza jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa. Kidole kilikuwa kinatetemeka hadi nikajizaa mwaka 2091. Nikarekebisha. Nikafika kwenye malipo, nikaweka kadi, na benki ikasema kwa adabu zote kwamba imetuma namba ya siri ya tarakimu sita kwenye laini yangu.

Laini yangu. Ile niliyomwachia mdogo wangu robo saa kabla, pale mlangoni, kwa hotuba ndefu kuhusu kuitunza.

Mdogo wangu alikuwa bado yupo nyuma ya kamba, anapunga mkono. Nikamwonyesha ishara ya simu. Akadhani namuaga, akapunga mikono yote miwili. Nikapiga kelele: "SOMA MESEJI!" Akasoma kimoyomoyo, akatikisa kichwa kuwa ameelewa, akairudisha simu mfukoni.

"KWA SAUTI!"

Basi akaanza. "SABA!" Nikaandika saba. "SABA TENA!" Mzee mmoja kwenye foleni, kwa kunisaidia, akarudia: "Saba tena, kijana." "SIFURI!" Foleni nzima: "Sifuri!" Mtoto mmoja akaanza kupiga makofi. Ilipofika tarakimu ya sita, watu wasiopungua ishirini walikuwa wanaijua namba ya siri ya benki yangu, na simu ikaandika kwamba muda umekwisha, imetumwa nyingine.

Tukarudia. Safari hii foleni ilikuwa na mazoezi.

Malipo yakapita. Watu wakashangilia, walahi, mzee akanipa mkono. Nikasimama, nikanyoosha shati, nikamkabidhi dada simu yenye asilimia 3 na namba ya tarakimu 13 iking'aa. Akaisoma. Midomo yake ikacheza kidogo, kisha ikatulia kwa nguvu, kama mtu anayezuia chafya msikitini.

"Kaka," akasema polepole, "hii nayo ni ya kwenda."

Nikaitazama. Kutoka: nyumbani. Kwenda: huko. Miezi miwili mbele. Ile programu ilikumbuka safari niliyoitafuta mwanzo ikajijazia yenyewe, na mimi nikabonyeza kukubali kila mahali. Nilikuwa na tiketi mbili za kwenda na hakuna hata moja ya kurudi.

"Unahama mara mbili?" akauliza.

Neno "unahama" likanivunja. Nikamnong'oneza, nikiinama hadi karibu na kibodi yake: "Dada, kusema kweli ninakwenda kuishi. Kibali ninacho."

"Kiko wapi?"

Kiko mahali salama. Ndani ya foronya ya mto. Mto uko chini kabisa ya begi la pili. Begi la pili liko kwenye mizani.

Nikalifungua pale pale. Likatoka pazia, nikalitupia begani. Ikatoka pasi. Ikatoka picha yangu ya mahafali yenye fremu, mzee wa foleni akaipokea akaisifia. Ukatoka mto. Nikaingiza mkono ndani ya foronya mbele ya umati kama daktari wa mifugo, nikaichomoa barua.

Dada akaangalia Timatic, ule mfumo wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, ambao kaunta hutumia kukagua masharti ya kuingia kila nchi. Sekunde nne, sizidishi. "Kwa mwenye kibali cha kuishi, kule hawadai tiketi ya kurudi. Ungesema tu, kaka."

Yaliyobaki hayana utamu. Begi lilifungwa kwa kukaliwa, nilikimbia, nilipanda, nilifika. Afisa wa uhamiaji aliiangalia barua, akagonga muhuri, hakuuliza tiketi wala pazia. Namba ya siri ya benki nimebadilisha, mzee wa foleni usijisumbue.

Ile tiketi ya pili nimeikomalia bila mafanikio. Kuna kanuni ya Marekani ya kughairi bure ndani ya saa 24, lakini ni ya safari zinazoigusa Marekani, na yangu haiigusi. Hairudishwi pesa, haibadilishwi jina. Nikamwandikia Mshauri kwa hasira kwamba nina tiketi halali ya kutoka nyumbani kuja huku, na ili niitumie sharti kwanza nirudi nyumbani.

Akajibu kwa voisi ya sekunde tatu.

"Si nilikwambia utahitaji tiketi ya kurudi?"