Utafiti wa kula uanze na wenye usonji wenyewe

Ugali wa uwele, mlenda pembeni, watu wamezunguka sahani moja: ndivyo wengi wetu tulivyokua huku Dodoma. Mtoto anayekikimbia chakula hicho huambiwa ana deko, na mama yake kwamba amemharibu. Maneno hayo yanaumiza, na kwa mtoto mwenye usonji (autism), yaani ambaye ubongo wake hupokea mambo tofauti na wengine, mara nyingi si ya kweli.

Utelezi wa mlenda unaweza kumtapisha. Harufu ya mboga, kelele za walaji, mikono ya wengine kwenye chakula, vyote humwingia kwa mpigo. Wapo pia ambao mwili hauwaambii waziwazi kuwa wana njaa. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa tatizo la kuepuka chakula lisilotokana na hofu ya kunenepa, na watu wenye usonji hulipata zaidi kuliko wengine. Tafiti za Ulaya nazo zimekuta kwamba miongoni mwa wanawake wanaotibiwa anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, si wachache wenye dalili za usonji ambazo hakuna aliyeziona utotoni.

Sasa fikiria kliniki zetu. Mtoto akipungua uzito, mama anashauriwa uji wa lishe. Ushauri mzuri, kama mtoto anaumeza. Huo unga wa nafaka, karanga na soya una harufu nzito na chengachenga, yaani ndivyo vitu vinavyomshinda. Na yule anayeishi kwa chipsi na chai tu, ilhali mizani inaonyesha yuko sawa, nani atamwuliza?

Uingereza wapo watafiti wanaopanga maswali pamoja na wenye usonji waliopitia matatizo ya kula. Nataka tufanye hivyo hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma, hospitali ya afya ya akili ya Mirembe na hospitali ya Benjamin Mkapa vyote vimo ndani ya jiji moja. Dodoso lililotungwa ugenini, limejaa maswali ya kuogopa unene, halitamfikia kijana wa Chamwino anayekula wali mkavu tu tangu utotoni. Asiyeongea anaweza kuchagua kwa picha au kwa vyakula vilivyowekwa mbele yake. Mama anayejua ni sufuria gani mwanawe huikataa aitwe wakati maswali yanatungwa, si baada ya hapo, tena alipwe nauli na muda wake kama mtafiti mwingine yeyote.