Mita za joto zasomwa kwa redio, ugomvi wa majirani uko palepale

Zamani mpangaji wa ghorofa nchini Ujerumani alikuta karatasi mlangoni: siku fulani, saa mbili hadi saa sita, uwepo nyumbani, msomaji wa mita anakuja. Asiyekuwepo alikadiriwa. Sasa kidude kilichobanwa kwenye rejeta ya ukutani, chombo kinachopasha chumba joto, hurusha namba zake kwa redio, betri ikidumu miaka 10 hivi, na hakuna anayebisha hodi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vifaa hivi vyote visomeke kwa mbali ifikapo Januari 1, 2027. Ujerumani imeongeza makali: mwenye nyumba asiyevifunga kwa wakati, mpangaji ana haki ya kukata asilimia 3 ya bili ya joto.

Faida haina ubishi. Bili ya mara moja kwa mwaka humfikia mtu akiwa ameshasahau dirisha aliloliacha wazi usiku wa baridi. Taarifa ya kila mwezi, inayowezekana kwa redio, inamkuta bado anakumbuka.

Ila kidude chenyewe, tuseme ukweli, si mita. Hakipimi joto lililoingia chumbani. Kinalinganisha ujoto wa rejeta na wa hewa ya chumba, kisha kinahesabu vipande. Gharama ya jengo zima ndiyo inayogawanywa kwa vipande hivyo, kwa hiyo majirani wote wakibana matumizi nawe ukabaki ulivyo, fungu lako linakua. Halafu kuna ukuta. Anayeishi katikati ya jengo hupashwa bure na wa juu, wa chini na wa pembeni. Aliye chini ya paa anawasha rejeta mchana kutwa na bado anavaa sweta. Ndiyo maana kwa kawaida Wajerumani hugawa asilimia 50 hadi 70 tu kwa matumizi, kinachobaki kwa ukubwa wa nyumba. Redio haigusi hesabu hiyo hata kidogo.

Hofu ya kuchunguzwa ipo, maana rejeta iliyozimwa wiki nzima Januari inasema mwenyewe kasafiri, lakini namba zikifumbwa vizuri na kutumwa kwa nadra, hilo linadhibitika. Kinachonisumbua zaidi ni gharama ya kukodi vifaa, ambayo huangukia wapangaji. Kwenye jengo lililozibwa baridi barabara, ambako bili tayari ni ndogo, gharama hiyo inaweza kumeza chote kilichookolewa. Hapo ningegawa kwa ukubwa wa nyumba tu, basi.