Nimemwita Fundi, Amenuna

Bomba la jikoni linavuja tangu juzi, nikaita fundi. Kumbe kosa langu ndilo hilo, kumwita fundi.

"Karibu, fundi," namwambia mlangoni. Jamaa akasimama palepale, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Samahani mzee wangu. Injinia."

Haya, Injinia pita. Mimi ni mtu mwenye staha zangu, sigombanii vyeo. Ila nina ugonjwa wa kupekua kamusi. Hilo injinia tumelichukua kwa Waingereza, na mzizi wake ni Kilatini, ingenium, yaani kipaji. Zama za kati mwenye jina hilo alikuwa mtengenezaji wa mitambo ya vita, ile ya kuvurumisha mawe kwenye kuta za ngome. Ndiyo maana John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone mwaka 1759, alijiita injinia wa kiraia, asije akachanganywa na wa jeshini. Mhandisi nalo ni la Waarabu, muhandis, nao walilitoa kwa Waajemi: andaza, kipimo. Z ikageuka s njiani. Mhandisi ni mtu wa kupima, basi.

Injinia wangu alikuja bila hata futi.

Akatanua vidole, akapima kwa shibiri. "Mbili na kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

"Mzee, hii ni kazi ya macho."

Akakata. Fupi. Akalitazama lile bomba kama vile ndilo lililomdanganya. Akapima upya, vidole vilevile, safari hii zikawa mbili na nusu. Kipande cha pili kikawa kirefu, kikaingia kwa kusukumwa na goti, mimi nimeng'ata tochi kama kibarua asiye na ujira. Penye mwanya akazungushia mpira wa baiskeli. "Fungulia maji!"

Nikafungulia. Yeye yalimpata usoni, mimi kifuani, na paka aliyelala juu ya friji hajarudi mpaka sasa. Hapo ndipo nilipoielewa ile habari ya mitambo ya vita.

"Sasa wewe, ulipima nini? Eh? Ulipima nini?" Staha ilishakwenda na maji.

Akajifuta. Eti ukuta wangu ndio una kasoro. Kesho atarudi na mwenzake, daktari wa mabomba.

Na fundi liliwakosea nini, jamani? Shina lake ni moja na kufunda, kufundisha, mwanafunzi. Lakini siku hizi dalali ni mkurugenzi. Kinyozi wangu ni mshauri wa nywele, na bado ananikata sikio.

Ndoo ya pili imejaa hiyo. Halafu hizi ndoo nazo! Mshikio haukatiki ukiwa mlangoni, ng'o. Unasubiri ufike katikati ya sebule, juu ya zulia.