Malkia wa Muhungu Bado Hana Jina

Juma lililopita, baada ya mvula iliyoigeuza barabara yetu ya Muhungu, hapa Bukavu, kuwa mto, mtoto wa dada yangu aliniletea kichupa cha dawa chenye sisimizi mkubwa wa kahawia aliyemwokota ukutani chini ya taa. "Mjomba, nimekwisha kuambiwa jina lake," akasema. Mtu asiyemwona mdudu huyo kwa macho, aliyetumiwa picha moja yenye ukungu, isiyotaja hata kwamba ni ya Bukavu, alimjibu kwa dakika mbili: Camponotus maculatus. Heri ya wenye macho kama hayo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jenasi, yaani jina la kwanza linalotaja kundi, aliipata. Kwa lenzi yangu ya zamani niliona fundo moja kiunoni, tundu dogo lenye nywele mahali ambapo wengine wana mwiba, vipapasio vilivyoota mbali na ukingo wa bamba la juu ya mdomo, na makovu ya mbawa kifuani, alama ya malkia aliyekwisha kuzivua. Jirani aliyeshikilia kwamba ni malkia wa siafu nilimkumbusha kwamba malkia wa siafu hazaliwi na mbawa, wala hatembei bila jeshi lake. Aliyesema ni kumbikumbi hajawahi kula kumbikumbi.

Spishi, yaani aina yenyewe ndani ya kundi, hata hivyo, ni kesi nyingine. Jina maculatus lilitolewa na Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmaki, mwaka 1782, na tangu hapo limekuwa gunia ambamo wataalamu wametia aina nyingi zinazofanana, kisha wakaanza kuzitoa moja moja na kuzipa majina yake. Isitoshe, funguo nyingi za utambuzi, yaani miongozo ya kumtambua mdudu kwa alama zake, zimeandikwa kwa kuwatazama vibarua, sisimizi wafanyakazi, si malkia; basi anayetaka kusema kwa hakika hana budi kusubiri vibarua wazaliwe, awapime vichwa, ahesabu nywele zao, na ajue wametoka mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, si pwani ya nchi nyingine. Nani atasubiri, ikiwa kukisia hakumgharimu mtu kitu?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kijana hakulihitaji jina hilo. Jenasi ilitosha kumwambia kwamba malkia huyu hujifungia peke yake, hali kitu, na huwalea watoto wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, pamoja na misuli ya mbawa asizozihitaji tena. Angekuwa mmoja wa wale wanaotoka kuwinda wakati wa kulea, njaa ingemwua chupani. Kosa la jenasi huua. Jina kamili la spishi, kwa mtoto huyu, ni pambo tu.

Kwa mfanyabiashara, naam, jina ni bei. Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha, Kenya, wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wakiwemo malkia wa Messor cephalotes, sisimizi wavunaji, wakatozwa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja. Nasi Wakongo tungeweza kusimulia mengi kuhusu Wabelgiji na mizigo yao, lakini tuyaache.

Nimembandikia malkia karatasi: Camponotus, spishi haijajulikana, Muhungu, Bukavu, na tarehe. Kijana amenuna, kwa maana wenzake shuleni wanataka jina kamili. Chupa iko kabatini, gizani, na pamba yenye maji. Jana usiku tulihesabu mayai manne.